Masomo ya lazima chuoni yalivyoanza, na pengo la Kiswahili kwa mwanafunzi mtu mzima

Hati ya matokeo ya shahada yangu ya Elimu imejaa masomo ya Kiswahili, Historia na ualimu. Hayo niliyatarajia, maana ndiyo niliyoyaomba. Katikati yake kuna mengine matano ambayo sikuyaomba: Stadi za Mawasiliano, Misingi ya Falsafa, Masomo ya Maendeleo, VVU na Ukimwi, na Ujasiriamali. Kila mwanafunzi wa chuo alitakiwa kuyafanya, awe anasomea uhasibu, kilimo au uuguzi. Sisi wanafunzi tuliyaita "komoni yuniti", na wengi wetu tuliyachukulia kama ushuru wa soko: unalipa, unapewa risiti, unaingia kwenye shughuli iliyokuleta.

Somo moja kati ya hayo lilinichelewesha mwaka mzima. Nilihudhuria, nikaufanya mtihani katika likizo ya Agosti, lakini alama zangu hazikuonekana kwenye orodha, na bila alama hizo jina langu halikuingia katika kitabu cha mahafali. Nilikuwa na umri wa miaka 41. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi karibu na Chepilat kwa miaka 18. Mke wangu alikuwa ameshaalika watu, na shemeji zangu walikuwa wameshachanga nauli ya matatu ya kwenda na kurudi. Ikabidi kila mmoja apigiwe simu.

Mwalimu mwenzangu aliposikia habari hizo alicheka, kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Sasa wewe Mwalimu, miaka kumi na minane umesimama mbele ya watoto. Nani huyo anakufundisha mawasiliano?"

Siku ile sikuwa na jibu. Leo katika safu hii nataka kulijaribu, na njia niliyoichagua ni ya historia. Masomo ya lazima hayakushuka kutoka mbinguni. Kila moja lina mwaka wake na sababu yake. Tukijua sababu hizo, tutajua pia ni nini kilisahauliwa wakati orodha ile ilipokuwa ikiandikwa. Nitadai kwamba kilichosahauliwa ni viwili: mwanafunzi aliye mtu mzima, na lugha ya Kiswahili.

Tuanze na jina. Kiswahili hakijaafikiana kuhusu jina la masomo haya. Wapo wanaoyaita masomo ya pamoja, wengine masomo ya jumla, wengine kozi za lazima. Mimi napendelea "masomo ya wote", kwa sababu jina hilo linatuuliza swali moja kwa moja: hao wote ni akina nani? Jina la mwanafunzi mwenyewe nalo lina matatizo. Huku mashambani, mtu mzima akionekana na daftari husemwa kuwa ameingia "ngumbaru". Neno hilo lilihusu madarasa ya kusoma na kuandika, lakini sasa linamfuata hata mwalimu anayesomea digrii. Husemwa kwa mzaha, ila mzaha huo unabeba imani kwamba kusoma ni kazi ya watoto na kwamba mtu mzima darasani amechelewa basi.

Tukirudi nyuma, tutaona kwamba shahada ya kwanza ilipofika Afrika Mashariki haikuja na masomo ya wote. Ilikuja kwa mkondo wa Uingereza. Makerere ilianza kuwatayarisha wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London mwaka wa 1949, na Nairobi ikafuata mkondo huohuo mwaka wa 1961 ilipoitwa Royal College. Katika utaratibu wa Kiingereza, mambo ya jumla yalihesabiwa kuwa yameshakwisha katika shule ya upili. Aliyefika chuoni alizama katika fani yake tu. Chuo hichohicho cha London kilikuwa, tangu 1858, kimeruhusu watu kufanya mitihani yake bila kukaa chuoni. Kwa hiyo mtu mzima mwenye kazi aliweza kusoma usiku kwa taa yake na kupata shahada, lakini alipimwa kwa fani yake pekee. Hakuna aliyemuuliza kuhusu falsafa ikiwa alisomea sheria.

Mkondo wa pili ulitoka Marekani. Huko, mwaka wa 1919, mara tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Chuo cha Columbia jijini New York kilianzisha kozi kuhusu ustaarabu wa wakati wetu na kuifanya ya lazima kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Vita vilikuwa vimewatia watu wazima hofu, wakataka kijana aelewe dunia anayoirithi. Mwaka wa 1945, vita vingine vilipokuwa vikiisha, kamati ya Harvard ilitoa ripoti iliyojulikana sana kuhusu elimu ya jumla katika jamii huru. Wakati huohuo sheria ya 1944 ilikuwa imewafungulia wanajeshi waliorudi vitani milango ya vyuo, na zaidi ya milioni mbili kati yao wakaingia. Wengi walikuwa watu wazima wenye wake na watoto. Hapo ndipo Wamarekani walipoanza kukabiliana na swali la mwalimu mwenzangu: mtu aliyeongoza wenzake vitani akae darasani afundishwe uraia? Hatimaye, mwaka wa 1967, bodi inayosimamia mitihani ya kujiunga na vyuo huko ikaanzisha mitihani ambayo mtu angeifanya ili kuonyesha kwamba tayari anajua yale yanayofundishwa katika masomo ya jumla, asiyarudie. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalihitaji baadaye.

Mkondo huo wa Marekani ulifika kwetu kupitia vyuo vya binafsi. USIU iliingia Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960. Chuo Kikuu cha Eastern Africa, Baraton, cha Waadventista, kilianzishwa katika nchi ya Wanandi na kupata hati yake ya serikali mwaka wa 1991. Waadventista wengi wa upande wa Gusii wamepeleka watoto wao Baraton, na wanakijua chuo ambacho mwanafunzi wa biashara pia husoma dini na hupewa kazi ya mikono. Wazazi wanaona sawa. Kwao hiyo ndiyo maana ya kusoma.

Lakini masomo ya wote katika vyuo vyetu vya umma hayaelezeki kwa kutazama Marekani tu. Sababu za karibu ni zetu wenyewe. Twende kwanza Dar es Salaam. Mnamo Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana kupinga sharti la kulitumikia taifa. Mwalimu Nyerere aliwakasirikia akawafukuza mamia yao warudi nyumbani. Mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha, paliitishwa mkutano kuhusu kazi ya chuo katika nchi ya kijamaa, na kutokana na mjadala huo likazaliwa somo la pamoja kuhusu jamii ya Afrika Mashariki, ambalo baadaye lilikua na kuwa Masomo ya Maendeleo kwa wanafunzi wote. Hofu iliyolizaa ilikuwa wazi: kwamba msomi ataisahau jamii iliyomlipia karo.

Miaka minane baadaye Tanzania ilikwenda mbali zaidi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba kijana asitoke shule ya upili akaingia chuoni moja kwa moja. Afanye kazi kwanza kwa muda, na waajiri pamoja na chama wamshuhudie. Kwa muda fulani nchi nzima iliamini kwamba mwanafunzi bora wa chuo kikuu ni mtu mzima aliyekwisha kufanya kazi. Agizo hilo lilikuwa na kasoro zake. Idadi ya wasichana ilishuka, ikabidi waondolewe sharti hilo, na baadaye lililegezwa kwa wengine pia. Hata hivyo lilibeba wazo zito ambalo hatujalirudia vizuri: kwamba kazi nayo ni elimu, na chuo kinaweza kuihesabu.

Sasa turudi Kenya. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kuanzia 1984, waliochaguliwa kujiunga na vyuo walipelekwa kwanza katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, wakakimbia mchakamchaka Gilgil na Naivasha. Mwaka huohuo wa 1984 Chuo Kikuu cha Moi kilifunguliwa kule Eldoret, kufuatia ripoti ya 1981 ya tume iliyoongozwa na Colin Mackay kutoka Kanada. Wazo lilikuwa kwamba chuo cha pili kiwe karibu na mashamba na maendeleo ya wananchi. Masomo ya Maendeleo na Stadi za Mawasiliano yakapata makao katika vyuo vyetu katika hali hiyo. Halafu, mwishoni mwa 1999, Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, na vyuo vikaweka somo la VVU na Ukimwi. Ajira zilipoadimika, likaja Ujasiriamali, ili anayehitimu asingoje kuajiriwa.

Msomaji akiitazama orodha hiyo vizuri ataona kwamba ni kumbukumbu ya hofu za taifa, kila moja na wakati wake: hofu ya msomi mwenye majivuno, hofu ya kijana mwenye fujo, hofu ya maradhi, hofu ya ukosefu wa kazi. Sisemi kwamba hofu hizo hazikuwa na msingi. Katika miaka ile tuliwazika walimu wengi, na somo la Ukimwi halikuwa mapambo. Ninachosema ni kwamba wenye hofu hizo walikuwa wakimfikiria mwanafunzi mmoja tu: kijana wa miaka kumi na minane au ishirini, aliyetoka shuleni jana.

Ilhali wakati huohuo mto mwingine ulikuwa ukitiririka kando. Mwaka wa 1966 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata kitengo cha masomo kwa njia ya posta kilianzishwa chini ya chuo cha Nairobi, kikawa na makao Kikuyu. Walimu wasiokuwa na vyeti vya kutosha walisoma kwa barua na kwa kusikiliza vipindi vya redio ya Sauti ya Kenya, kisha wakafanya mitihani wakapanda daraja. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Namkumbuka akiwa amekaa na redio jioni, penseli sikioni, na sisi watoto tukiwa tumekatazwa kupiga kelele. Mwaka wa 1986 Nairobi ilianza kutoa shahada ya Elimu kwa wanafunzi wa nje waliokuwa kazini. Mwaka wa 1998 ikafungua milango kwa wanaojilipia karo, na vyuo vingine vikafuata. Ndipo zikaenea zile programu za likizo za Aprili, Agosti na Desemba, ambazo walimu tunaziita "skul besdi". Shule zinapofungwa, watoto wanaenda nyumbani, na walimu nao wanabeba godoro kwenda chuoni.

Huku kwenye chai programu hizo zilipokelewa kwa mikono miwili. Chepilat iko mpakani, kwenye barabara ya kutoka Sotik kwenda Kisii. Upande mmoja ni Bomet, upande wa pili ni Borabu katika Nyamira. Katika darasa letu la likizo kulikuwa na walimu, karani wa kiwanda cha chai, muuguzi wa zahanati, na mzee mmoja wa kanisa ambaye aliuza majani yake mabichi na kulipa karo kwa bonasi ya kila mwaka. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipopata hati yake mwaka wa 2013, na Bomet ikapata chuo kishiriki baadaye, safari ilifupika zaidi.

Hapo ndipo mito miwili ilipokutana. Orodha iliyotungwa kwa kijana ikapewa mtu mzima kama ilivyo, bila hata kufutwa vumbi. Muuguzi aliyekuwa amewapa wagonjwa dawa za kupunguza makali ya VVU kwa miaka mingi alikaa mstari wa mbele akifundishwa jinsi virusi vinavyoambukizwa. Aliandika kila kitu, maana mtihani ni mtihani. Yule mkulima alifundishwa ujasiriamali na kijana ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, "hajawahi kuuza hata sukuma wiki." Tulicheka, lakini karo ya kila somo tulikuwa tumeilipa, na nyingine ilikuwa ya mkopo wa sako.

Je, suluhisho ni kumwondolea mtu mzima masomo ya wote? Hapo mimi nasita, na sababu yangu ni kisa nitakachokisimulia sasa.

Wasomaji wengi wanakumbuka yaliyotokea mpakani kwetu mwanzoni mwa 2008. Nyumba na maduka yaliteketezwa, majirani wakakimbiana. Hata kabla ya hapo, katika mwaka wa 1992, mpaka huu ulikuwa umeona moto. Baada ya mambo kutulia, mikutano ya amani iliendelea kwa miaka, na mingi haikuwa ya wanasiasa. Ilikuwa ya wazee, akina mama na machifu, kuhusu mambo madogo ambayo yakiachwa huwa makubwa. Mmoja ulihusu ng'ombe. Walikuwa wamevuka mpaka kwenda pande zote mbili, na kila upande ulikuwa na wake wa kudai. Tulikutana katika ukumbi wa kanisa. Chifu akaniangalia: "Mwalimu, wewe unasoma yunivasiti. Shika kalamu."

Nikashika. Nilikuwa nimelifanya somo la Stadi za Mawasiliano, na kuandika kumbukumbu za mkutano ni mojawapo ya mambo tuliyofundishwa vizuri: waliohudhuria, waliotoa udhuru, ajenda, yatokanayo na mkutano uliopita, maazimio. Tulifundishwa hayo yote kwa Kiingereza. Basi watu wakazungumza kwa Kiswahili, maana Kipsigis na Ekegusii ni lugha za koo mbili tofauti kabisa na asiyejifunza haambulii neno, nami nikaandika kwa Kiingereza. Nilikuwa nikitafsiri kichwani na kujiona hodari.

Mwisho wa mkutano mama mmoja wa upande wa Nyamira akainua mkono. "Mwalimu, hebu tusomee hayo umeandika."

Nikaanza kurudisha Kiingereza changu katika Kiswahili, papo kwa papo. Nilipofika kwenye azimio la tatu nikasoma kwamba wahusika wamekubali fidia ya mifugo iliyopotea.

"Hapana," akasema. "Mimi sijasema fidia. Nimesema ng'ombe zangu zirudi."

Nikamtazama mzee wa upande wa Sotik aliyekuwa akibishana naye tangu asubuhi, nikidhani atanisaidia. Akatikisa kichwa. "Ni kweli, Mwalimu. Tumesema zirudi. Fidia hakuna mtu amesema."

Ukumbi ukanyamaza. Nilielewa polepole nilichokuwa nimekifanya. Fidia ni pesa. Pesa hulipwa na yeyote, hata chifu anaweza kuichangisha, na jambo likaisha bila mtu kutajwa. Ng'ombe wakirudi, lazima wapite barabarani mchana, wakitoka boma fulani wakienda boma fulani, na kila mtu aone. Wale wazee walikuwa wamekubaliana juu ya jambo gumu zaidi na la heshima zaidi, nami kwa kalamu yangu ya chuo nilikuwa nimelibadilisha kuwa jambo rahisi. Karatasi ile ingefika kwa mkuu wa wilaya ikiwa na neno ambalo hakuna mtu aliyelitamka. Nililifuta. Nikaandika azimio upya kwa Kiswahili, wakasikiliza neno kwa neno, wakaweka sahihi na vidole gumba.

Nimelitafakari tukio hilo mara nyingi. Aliyenisaidia kuona kosa langu kwanza ni yule mama. Aliyenisaidia kulieleza baadaye ni Falsafa, lile somo ambalo ningelikwepa kama ningeruhusiwa. Humo tulijifunza kwamba maneno mawili yanayoonekana kuwa na maana moja yanaweza kubeba hoja mbili, na kwamba kabla ya kubishana ni vyema kuulizana neno lina maana gani. Nililifanya somo hilo nikinung'unika. Leo sijui ni somo gani jingine katika hati yangu nimelitumia mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwalimu mwenzangu lina pande mbili. Upande wa kwanza: ndiyo, mtu mzima anahitaji masomo ya wote. Kazi humfundisha mtu mengi, lakini humfundisha ndani ya ua wa kazi hiyo. Aliyefundisha miaka 18 amezoea kusikilizwa. Hajazoea kuulizwa.

Upande wa pili: mtu mzima asipewe orodha ya kijana. Kuna mifano ya karibu ya kumpima kwa haki. Makerere ina mlango wa watu wazima wenye umri wa miaka 25 na zaidi, ambao hufanya mtihani wa uwezo wa jumla na mwingine wa fani wanayoitaka. Mlango huo ni wa kuingilia tu, lakini unakiri kwamba maisha yameshafundisha kitu. Hapa Kenya, sheria ya 2014 iliyounda mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu ilitambua wazo la kuhesabu ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa. Wazo hilo likifika hadi kwenye masomo ya wote, muuguzi wetu atapewa mtihani wa VVU na Ukimwi siku ya kwanza. Akifaulu, apewe alama zake aende. Muda na karo atakavyookoa avitumie kwa lile asilolijua.

Sasa nifikie pengo la lugha. Ripoti ileile ya Mackay iliyotuletea chuo cha pili ndiyo iliyopendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa shuleni, na mfumo wa 8-4-4 ukalitekeleza hilo kuanzia 1985. Mtoto wa Kipsigis na mtoto wa Kisii wakaanza kufanya insha moja kwa lugha moja. Lilikuwa jambo kubwa, na mipaka kama wetu ililihitaji kuliko miji. Lakini katika vyuo vingi ulazima huo ulikomea langoni. Asiyesomea lugha humaliza miaka minne bila kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili. Kisha Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, ikasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Vyuo vilikuwa vimeongeza somo kwa ajili ya maradhi na somo kwa ajili ya ajira. Kwa ajili ya kifungu hicho, mimi binafsi sikuongezewa chochote.

Najua watakaopinga. Watasema Stadi za Mawasiliano zipo ili mwanafunzi aweze kusoma vitabu vya fani yake, na vitabu hivyo ni vya Kiingereza. Hoja hiyo ni ya kweli na siidharau. Hata Dar es Salaam, ambako Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka wa 1970 na kufundisha kwa Kiswahili, chuo kiliona haja ya kitengo cha kuwasaidia wanafunzi kusoma na kuandika kwa Kiingereza. Lakini mwanafunzi mtu mzima haendi chuoni ili abaki humo. Jumatatu shule ikifunguliwa atarudi kwenye baraza la wazazi, kwenye mkutano wa kituo cha kununulia chai, kwenye kamati ya maji, kwenye zahanati. Huko kote ataambiwa ashike kalamu, kwa sababu amesoma. Na huko kote watu watazungumza Kiswahili.

Pendekezo langu ni dogo. Stadi za Mawasiliano zigawanywe nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ibaki kwa Kiingereza, kwa ajili ya maktaba. Nusu ya pili iwe kwa Kiswahili, kwa ajili ya jamii: kuandika kumbukumbu, barua rasmi, notisi, ripoti fupi, maelezo ya mkataba, na kumweleza mkulima hati ya makato ya mauzo yake ya chai bila kupotosha neno. Walimu wa kulifundisha wapo. Idara za Kiswahili zimetoa wahitimu kwa miongo kadhaa, na baadhi yao wanahangaika bila kazi.

Mwaka uliofuata alama zangu zilipatikana, na jina langu likaingia kitabuni. Watu walialikwa tena, ingawa si wote walikuja. Hati ile ninayo nyumbani, ndani ya bahasha ya khaki. Ndani ya bahasha hiyohiyo nimeweka nakala ya ukurasa mmoja wa kumbukumbu za ule mkutano wa kanisani. Azimio la tatu limekatwa kwa mistari miwili, na juu yake, kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa na haraka, pameandikwa: ng'ombe warudi.

Walirudi, wa pande zote mbili, siku ya soko.